Mabirika Matatu ya Fontbrelle

Kilima mnachokipanda kila asubuhi na wageni nyuma yenu kimejazwa ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na friji jipya. Juu yake kuna saruji, na juu ya saruji kuna mawe yaliyopakwa rangi ya uzee. Naanzia hapo kwa sababu nyinyi mlioajiriwa juzi mmepewa karatasi inayosema kilima hiki kimesimama karne nyingi. Mimi nilikiona kikishushwa kutoka kwenye lori.

Nimestaafu. Nimeshakabidhi mwavuli wangu mwekundu wa kuongozea wageni na kitambulisho, na Kevo, kijana wetu wa Kisauni ambaye wengi wenu mnamjua kwa kelele zake, ameniomba niandike ninayoyajua kabla sijapanda ndege ya Mombasa. "Mathe, andika," aliniambia, maana huniita mama. "Ukienda bila kuandika, hawa watabaki na ile karatasi ya Sir Julian pekee." Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara mtanisamehe, hazina cha kumfundisha mtu. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, na kijiji chenyewe kilivyo, kwa maana ya kijiji cha kweli, si hiki chetu cha upande wa pili wa karakana za Al Jaddaf, hapa Dubai.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizigo jirani na Bandari ya Hamriya, nikisimamia magodoro na majokofu yanayokwenda kwetu. Siku ya usaili bwana mmoja mwenye tai nyembamba aliniuliza kama najua Kifaransa. Nilimjibu kwamba najua kueleza jambo mpaka mtu alielewe, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Akaandika kwamba najua Kifaransa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi katika mradi uliotangazwa kuwa wa ukweli mtupu.

Siku ya kwanza niliingia langoni nikiwa na viatu vya ofisini, kosa ambalo kila mwongoza wageni hulifanya mara moja. Vaeni viatu vyenye soli nene. Mawe yale ni ya uongo lakini yanaumiza kikweli. Uwanjani nilimkuta fundi mmoja amechuchumaa na brashi ndogo, anapaka kitu cha kijani kibichi kwenye ukuta mpya.

"Ya akhi, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Napaka uchafu, madam. Uchafu wa miaka mia tatu."

"Utamaliza lini?"

"Wanautaka kabla ya Alhamisi, inshallah."

Kampuni ilikuwa imelipia ruhusa ya kuiga kijiji kimoja kidogo cha shambani Ufaransa, kiitwacho Fontbrelle. Kilichaguliwa na mtu aliyekiona pichani. Pamoja na ruhusa hiyo, kijiji kilimleta mtu wa kutufundisha, mama mmoja aliyeitwa Madam Odile, mpishi mstaafu wa shule, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwapigia watoto kelele wamalize supu. Alizaliwa kulekule Fontbrelle. Tulimpeleka uwanjani. Akakizunguka kisima, akaangalia mnara, akawasha sigara mahali palipokatazwa, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjika kama changu: "Wameweka kila kitu isipokuwa sababu."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa kidogo kidogo, na kila nilichowafundisha nyinyi kilitoka kwake. Chukueni madirisha. Mmeona nyumba zetu zina ukuta mtupu upande mmoja na madirisha yote upande mwingine. Fontbrelle iko kwenye mteremko wa mawe ya chokaa, na upepo wa baridi unashuka kutoka kaskazini. Kwa hiyo watu walijenga wakiupa upepo mgongo, na madirisha wakayaelekeza kusini wakalitafute jua. Wachoraji wetu waliiga nyumba na wakaiga mwelekeo pia, kwa uaminifu mkubwa kabisa. Kule wanalitafuta jua. Sisi huku tumelifungulia madirisha yote jua la Dubai. Ndiyo maana duka la jibini linahitaji viyoyozi vingi kuliko jengo lolote pale, na ndiyo maana mwuzaji wake huvaa sweta mwezi wa Agosti. Mgeni akiwauliza kwa nini, mwelezeni. Ni somo zuri la jiografia, ingawa hakuna aliyekusudia kulitoa.

Au chukueni vichochoro. Havikupindapinda ili watu wapige picha. Vilipindapinda ili upepo uchoke njiani na kondoo wasishuke mbio. Au lile jengo lenye mnara, ambalo kule ni kanisa na hapa ni duka la chokoleti. Mimi ni Mwislamu, sina kanisa la kulilia, lakini nilimwona Odile akisimama mlangoni mwa duka lile bila kuingia, nami nikaona aibu kama mtu aliyemkaribisha mgeni kwenye nyumba chafu.

Alichotufundisha zaidi ya vyote kilikuwa maji. "Usianze na uzuri," alikuwa akisema. "Kila kijiji kina mtu anayesema ni kizuri. Wewe anza na maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi." Chemchemi ya Fontbrelle inatoka kwenye ufa wa mwamba juu ya kijiji. Inaingia birika la kwanza la mawe, la kunywa na kupikia. Likijaa, maji yanamwagikia birika la pili, la kusuuzia nguo. Hilo likijaa yanamwagikia la tatu, la kufulia kwa sabuni, na kutoka hapo yanateremka kwenye bustani za kabichi na mwisho mtoni. Kila kitu kinakwenda chini. Hakuna kinachorudi. Wanawake walipiga magoti kwenye birika la tatu, na ole wake aliyeloweka hata leso kwenye la kwanza.

Kwetu pale Al Jaddaf hakuna mwamba wala mto. Kuna pampu. Inayavuta maji kutoka birika la tatu, inayapitisha kwenye chujio, inayapandisha ndani ya ukuta, na kuyatema tena juu kupitia mdomo wa jiwe. Odile alipooneshwa pampu ile alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, akiwa hacheki tena, "Rukia, hapa watu wasinywe." Nikamwahidi. Alipomaliza mafunzo alirudi kwao, na huko alikufa miaka michache baadaye. Kampuni iliweka picha yake kwenye ukuta wa ofisi kwa muda, mpaka ukuta ulipohitajika kwa televisheni.

Miaka ya mwanzo haikuwa mibaya. Tulijifunza kumtambua mgeni aliyekuja kujua na aliyekuja kupoa kutokana na joto, na wote tukawahudumia. Tulijifunza kusimama upande wa jua ili wageni wasimame kivulini, kuinua mwavuli kabla ya kona na si baada yake, na kutomjibu mume anayemsahihisha mkewe. Nawatia moyo katika mambo hayo madogo, maana ndiyo kazi yenyewe. Mtu mwenye subira anaweza kuyajua yote kwa msimu mmoja.

Kisha tukaletewa Sir Julian, meneja mpya wa burudani. Alikuwa mtu mwenye furaha nyingi. Alitoka kwenye bustani ya michezo ya maji, na kabla ya hapo kwenye meli za utalii, na alitwambia kwamba historia ni nzuri lakini haina mwendo. Maneno yake ya siku zote yalikuwa, "Kila mgeni aondoke na hisia na mfuko." Mfuko maana yake ni wa dukani. Yeye ndiye aliyeandika karatasi mnayoikariri. Ndani yake Fontbrelle ilipata malkia aliyepitia pale akapona macho, na mfinyanzi aliyempenda binti wa msaga unga. Nilimuuliza amewatoa wapi watu hao.

"Bi Rukia, kila kijiji cha Ufaransa kina malkia," alisema.

"Hiki kilikuwa na kondoo, sir."

"Nani analipa kuja kusikia kondoo?"

Wazo lake la pili lilikuwa madobi. Alitaka wanawake wapige magoti kwenye birika la tatu wakiwa na vilemba vyeupe na aproni za mistari, wafue vitambaa mbele ya wageni. Hakutaka kuajiri waigizaji. Aliwachukua wasafishaji wa kampuni ya nje, wale wanaoletwa na basi kutoka kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, akawavalisha. Ndipo nilipomjua Nakato.

Nakato alikuwa Mganda wa vilima vya Masaka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msusi wa nywele kwa kazi yake ya nyumbani. Alikuwa na binti mmoja aliyekaa na dada yake kule, yuko Senior ya tatu ya sekondari, na mpango mzima wa Nakato duniani ulikuwa abaki Dubai mpaka binti yule amalize shule. Hakuwa na mpango mwingine na hakuuficha huu. Alinipenda kwa sababu nilikuwa namsalimia, jambo ambalo kwenye kijiji chetu cha mapenzi na ufinyanzi halikuwa la kawaida.

"Bi Rukia," aliniuliza siku moja akiwa amepiga magoti kwenye mto mdogo wa sponji aliouficha chini ya aproni, "hawa wanawake wa Ufaransa, na wao walilipwa kwa kuangaliwa?"

"Hawakuangaliwa na mtu, mama. Walikuwa wanafua."

"Basi walikuwa na raha."

Kevo akapita na kundi lake, akainua sauti: "Na huyu hapa ni Madam Nakato, familia yake imefua hapa tangu enzi za malkia!" Wageni wakampiga picha. Nakato akajibu kwa Kiswahili, bila kuacha kutabasamu, "Kevo, malkia wako namsubiri kwenye basi." Mgeni mmoja akaniuliza kama hicho ni Kifaransa cha zamani. Nilimwambia ukweli, ni Kiswahili, akasikitika kidogo.

Wazo la tatu ndilo lililotuponza. Mwenye mradi, yule arbab tuliyekuwa tukimwona kwenye picha tu, alitangaza kwamba atakuja na wajukuu zake. Sir Julian akataka kumwandalia sherehe. Wageni wapewe vikombe vidogo vya udongo, wakinge maji kwenye birika la kwanza, wanywe maji ya Fontbrelle. Nilikwenda ofisini kwake. Nilichukua karatasi nikamchorea mabirika matatu na mshale unaoshuka, nikamwambia hii ni Fontbrelle. Kisha nikachora mshale wa pampu unaopanda, nikamwambia na hii ni sisi. Maji anayofulia Nakato ndiyo yanayotokea juu. Nilimweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa shule, bila kumdharau, kwa sababu mtu anaweza kweli asijue.

Alijua. "Kuna chujio," alisema. Kisha akaongeza kwamba yeye na mhandisi watabadilisha chujio, na kwamba mchoro wangu ni mzuri, naweza kuupeleka kwa watoto wa shule.

Asubuhi ya siku ile alishuka mwenyewe mpaka kwenye birika la tatu akiwa na mpiga picha. Akaona Nakato anafua kwa kipande cha sabuni, na povu ni dogo. "Nataka povu linaloonekana," alisema. Akaagiza dukani ile sabuni ya maji yenye harufu ya maua tunayoiuza, chupa zile kubwa. Nilikuwapo. Nakato alimimina kidogo akaacha.

"Mimina, mimina," alisema Sir Julian.

"Yote, sir?"

"Yote. Yalla."

Akamimina yote. Mpiga picha akafurahi.

Arbab alifika mchana, mzee mpole mwenye fimbo, na wajukuu waliokuwa wakikimbilia chokoleti. Sir Julian alisimama mbele ya birika la kwanza na kikombe chake, akaanza habari za malkia aliyepona macho. Nyuma yake mdomo wa jiwe ukatoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Kisha ukatema povu. Halikuwa povu la kufichika. Lilitoka jeupe, zito, lenye harufu nzuri, likajaa birika la kwanza, likavuka ukingo, likashuka kwenye la pili, nalo likajaa. Wajukuu wa arbab waliacha chokoleti wakaingia ndani mpaka magotini. Kevo, aliyekuwa ameshika sinia la vikombe, akaninong'oneza, "Mathe, kijiji kinatoa mapovu kama mtu wa kifafa."

"Nyamaza, mwanangu."

"Niwape kikombe au niwape taulo?"

Arbab hakukasirika hata kidogo. Alinigeukia mimi kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwa umri, akaniuliza kwa Kiarabu, "Ya hajja, na kule kwao huwa hivi?" Nikamjibu kwamba kule maji hushuka tu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la busara, akawaacha wajukuu wacheze, akaenda kunywa kahawa. Kwake yeye mambo yalikwisha hapo. Kwa watu wakubwa, wengine ndio hukasirika kwa niaba yao.

Jioni ileile Sir Julian aliipigia simu kampuni ya wasafishaji, akataka Nakato aondolewe kwa uzembe wa kutumia sabuni kupita kiasi. Kampuni zile hazina mahali pa kumweka mtu aliyekataliwa. Maana yake ilikuwa viza ifutwe na apandishwe ndege. Nakato alikuja kuniambia akiwa bado na kilemba cheupe kichwani.

"Bi Rukia, si ulikuwepo? Si alisema yote?"

"Nilikuwepo."

"Basi mwambie."

Nilikwenda kumwambia. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wengi wenu mnadhani mtu akioneshwa ukweli huona haya. Nilimwambia mbele ya mhandisi na mbele ya mpiga picha, ambaye alikuwa na picha za chupa zikimiminwa. Hakubisha. "Ndiyo, nilisema," alijibu, akinitazama kwa upole kabisa. "Lakini kumetokea jambo mbele ya arbab, Bi Rukia. Lazima pawepo mtu aliyeondoka. Mimi siwezi kuwa huyo mtu. Wewe unataka kuwa?"

Ukikutana na mtu wa namna hiyo usipoteze muda kumtafutia aibu. Hana mahali alipoiweka. Mtafutie njia anayoweza kupita bila gharama. Wiki ile mwongoza wageni mmoja alikuwa ametuacha kwenda hotelini, na Ijumaa tulikuwa na wageni wengi kuliko watu wa kuwaongoza. Nikamwambia, "Mwache aondoke kwenye usafishaji, kama unavyotaka. Mchukue huku kwangu."

Akacheka. "Dobi?"

"Mjaribu Ijumaa. Kundi moja."

Alifikiri. Ilimpendeza, nadhani, kwa sababu lilikuwa kama shindano. "Bila karatasi mkononi," akasema. "Nitafuata nyuma. Wageni wakianza kuchomoka kabla ya mwisho, khalas, na yeye anachomoka."

Tulijifunzia kantini ya wafanyakazi, wakati wa chakula, meza ya mwisho. Sahani ya wali ilikuwa kilima. Chupa ya chumvi ilikuwa kanisa. Kijiko kilikuwa mto unaopinda chini, na vikombe vitatu vya chai ndivyo mabirika. Nilimweleza upepo, madirisha, kondoo, ile miti mikubwa ya mlimani yenye kokwa za kahawia ambazo maskini walizikausha wakazisaga unga mwaka ambao ngano ilikosekana. Nakato alikuwa mwepesi kushika mambo na mwepesi wa njaa.

"Sasa niambie, upande wa kaskazini kuna nini?" nilimuuliza.

"Hakuna kitu, Bi Rukia. Kaskazini nimekula."

Kevo alikuwa anapita na trei yake. "Amekula kijiji! Huyo ndiye mkoloni wa kweli, manze." Tukacheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote hakuna mwongoza wageni aliyeniuliza. "Na watu wenyewe wako wapi? Unaniambia walifanya hivi, walifanya vile. Sasa hivi wako wapi?"

Nikamweleza alivyonieleza Odile. Reli ilipojengwa ilipita bonde jingine, na kijiji ambacho reli imekikwepa huanza kuvuja. Kwanza waliondoka wavulana wa kwenda viwandani. Kisha wasichana, waliokwenda mjini kupika na kufua kwenye nyumba za watu. Mama yake Odile alikuwa mmoja wao, alikwenda akiwa na miaka kumi na minne. Shule ikafungwa kwa kukosa watoto, na ndiyo sababu Odile alipikia shule ya mji mwingine. Waliobaki ni wazee na watu wa likizo. Nakato alisikiliza, kisha akakirudisha kijiko cha mto mahali pake akamalizia wali.

Ijumaa alivaa koti la waongoza wageni, ambalo lilimpwaya, na nikampa mwavuli wangu. Kundi lake lilikuwa familia moja ya Kihindi ya watu wengi, na nyuma yao yaya wa Kihabeshi akisukuma kigari cha mtoto. Vijana watatu wa Kiimarati. Na mke na mume wazee kutoka Uingereza. Sir Julian alifuata kwa mbali, mikono mfukoni. Mimi nilifuata mbali zaidi, nikijifanya nakagua maua.

Alianza vizuri. Alianza na maji. Kwenye madirisha vijana wa Kiimarati walicheka, wakaanza kuoneshana ni majengo gani mengine ya mjini yaliyoelekezwa vibaya. Lakini walipofika kwenye mabirika alinyamaza. Alisimama mbele ya birika la tatu, mahali palepale alipokuwa akipiga magoti, na nikaona kabisa kwamba somo limemtoka kichwani. Baba wa ile familia akaangalia saa yake. Mwanawe mmoja akasogea upande wa duka. Sir Julian akatoa mkono mmoja mfukoni.

Nakato akasema, kwa Kiingereza chake, nami naandika kwa lugha yetu: "Wiki iliyopita nilikuwa nafua hapa. Kule Fontbrelle hakuna tena anayefua. Si kwamba walinunua mashine. Waliondoka. Treni ilipita kwingine, wakaifuata. Wasichana walikwenda mjini kufua nguo za madam wengine, na mama zao wakabaki wanafua za watu wachache, na kila mwaka nguo zikapungua. Mwisho akabaki mwanamke mmoja. Alikuwa na birika zima peke yake." Akalinyooshea mwavuli lile birika. "Mimi natoka kilima kama hiki. Kwetu watoto bado wapo. Wakubwa ndio tumekuja huku."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Hakuna aliyesogea. Yule yaya, ambaye tangu langoni alikuwa amebaki nyuma kabisa na kigari chake, alikuja mbele. Hakuomba njia, watu walimpisha tu, hata mwajiri wake. Akasimama ukingoni, akayaangalia maji. Yule mtoto aliyekuwa anaelekea dukani alirudi kuona watu wanatazama nini.

Ikawa kimya mpaka mzee wa Kiingereza akakohoa. Nakato akainua mwavuli, akasema, "Tuendelee, angalieni ngazi," na wote wakaendelea, mpaka mwisho.

Nilijua ameshinda kabla Sir Julian hajafika kwangu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Umeona?" alisema. "Umeona nyuso zao? Ile ni dhahabu. Ilichukua muda gani? Tuifanye dakika tano. Kila kundi, kila siku, palepale. Tutaweka boksi la tishu lenye nembo." Kisha akamwita Nakato, akampa mkono, akamwambia ameajiriwa, na kwamba kuanzia kesho, akifika kwenye maneno ya watoto, atoe chozi kidogo.

"Kusema nitasema, sir," alijibu Nakato. "Kulia sitalia. Nikilia kila siku, siku nitakayotaka kulia kweli nitafanyaje?"

Alidhani ni mzaha, akacheka, akaenda kuagiza tishu. Nakato alibaki nasi. Binti yake alimaliza shule, akaingia chuo cha wauguzi, na mwaka huohuo Nakato aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka kwa siku aliyoichagua mwenyewe. Kwenye kijiji chetu sijaona wengi walioondoka hivyo.

Sir Julian naye aliondoka, kwa furaha ileile, kwenda kusimamia mlima bandia wa barafu. Karatasi yake imebaki, na ndani yake ile sehemu imebaki, imepewa jina la "wakati wa hisia", pamoja na maelekezo ya kushusha sauti na kuweka mkono kifuani. Nimewaona mkifanya hivyo. Nimemwona hata mmoja wenu akijifuta jicho kavu. Simlaumu, ameandikiwa.

Lakini mkinisikiliza katika jambo moja, nisikilizeni katika hili. Mkifika kwenye birika la tatu msishushe sauti, na mikono iacheni kwenye mwavuli. Semeni walikuwa akina nani, na walikwenda wapi, na walikwenda kumfulia nani. Kisha nyamazeni. Yupo mtu nyuma kabisa, mwenye kigari cha mtoto au mifuko ya watu. Mwachieni muda wa kufika mbele. Msiogope kimya hicho, hata kikiwa kirefu. Atakohoa mgeni mmoja, hukohoa siku zote. Hapo ndipo muinue mwavuli, na muwakumbushe ngazi.